Hipnosisi ilinipa usingizi, lakini kwenye basi nilikuja kupanda baada ya kuongea

Mleta uzi, pole sana kwa mdogo wako. Umeuliza apelekwe kwenye hipnosisi au kwa mnasihi wa kuongea naye, maana tangu ajali ya basi halali. Mimi nilipata ajali kama hiyo, na tiba zote mbili nimezipitia.

Miezi minane sikupanda gari. Konda akigonga bodi ya daladala, mimi huyo chini, mikono kichwani, watu wanacheka.

Nilianza na hipnosisi. Wengi wanadhani ni kulogwa. Wala! Unajilaza, mtu anakuongoza kwa sauti ya taratibu, nami nilikuwa nasikia hata adhana ya alasiri. Usiku ule nililala hadi asubuhi. Shida ilikuja siku ya nne, aliponirudisha kwenye ajali: "Mtazame dereva, anafanya nini?" Nikamwona anaongea na simu. Ilibaki kidogo niende polisi kuandika maelezo. Kufika nyumbani nikakumbuka nilikaa siti ya nyuma kabisa, nilikuwa naona mabegi tu. Ukiwa katika hali ile, swali la namna hiyo linaweza kukupandikizia kumbukumbu.

Halafu nikaenda kwa mwanasaikolojia. Alitandaza kamba sakafuni: hiyo ndiyo maisha yako, weka ua penye heri, jiwe penye msiba. Jiwe la ajali nililishika dakika nzima kabla ya kuliweka. Nikasimulia mwanzo hadi mwisho, harufu ya dizeli na yote, yeye anaandika. Kikao kinachofuata ananisomea, narekebisha. Usidanganywe, wiki za mwanzo ndoto zilizidi. Njia hiyo ilijaribiwa kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia kambini Nakivale, Uganda, na wanasihi walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Matokeo yalitoka 2008.

Hipnosisi siitupi. Utafiti wa Uholanzi wa 1989, wenye watu 112, ulionyesha waliotibiwa kwa hipnosisi walipata nafuu kuliko waliokuwa bado kwenye foleni ya kusubiri tiba. Ila miongozo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya 2013 haikuipendekeza kwa kiwewe. Tiba ya mazungumzo inayolenga tukio lenyewe imo.

Kwa hiyo mpeleke kwanza kwa wa kuongea naye. Akitaka hipnosisi ya kulala, sawa; ya kutafuta kumbukumbu akatae.

Mimi nilikuja kupanda basi la Morogoro, siti ya mbele, nikamkodolea macho dereva njia nzima. Simu yake ilikuwa kwenye dashibodi, iliita mara mbili, hakuigusa.