Wasomaji Wauliza: Kupogolea nipogolee mimi, hati iwe yake?

SWALI: Mwaka wa 12 sasa napogolea na kupalilia mizabibu kwenye shamba ambalo kijiji kilimgawia mume wangu kabla hajanioa. Wapimaji wa hati za kimila wamefika kijijini. Mashemeji wanasema mwanamke wa Kigogo haandikwi kwenye ardhi. Ni kweli?
Mama wa Mvumi, Chamwino

JIBU: Si kweli tena, Mama. Tamko la sheria za kimila la 1963 lilimweka binti daraja la mwisho katika urithi, na ardhi ya ukoo aliruhusiwa kuitumia tu, si kuiuza. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, ilisema katazo hilo la kuuza linapingana na Katiba, katika shauri la Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, ikabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi kwa kuwa ni mwanamke. Mashemeji wasomewe hicho.

Na jembe lako lina uzito. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 161, inampa haki mwenzi aliyetia nguvu zake kuendeleza ardhi iliyoandikwa jina la mwenzake. Tunza basi risiti za dawa na samadi, na mauzo ya zabibu yaandikwe jina lako pia kwenye daftari la ushirika.

Siku ya uhakiki, wapimaji wanapokagua mipaka na kuandika wamiliki, kuwepo shambani ni lazima. Kosa tunaloliona ni mama kubaki jikoni akiwapikia wapimaji huku baba akitaja jina moja, na fomu inaandikwa lilivyotajwa. Nendeni wote na vitambulisho vya NIDA na picha, na majirani wa mipaka yote wawepo. Majina yafanane herufi kwa herufi na kitambulisho.

Mtaulizwa aina ya umiliki, hapo msijibu harakaharaka. Umiliki wa pamoja maana yake mmoja akifa, ardhi inabaki kwa aliye hai. Umiliki wa hisa maana yake fungu la marehemu linakwenda kwa warithi wake, mashemeji wakiwemo pengine. Kwa hali yako, wa kwanza ndio salama.

Mumeo akikataa jina lako, peleka pingamizi kwa maandishi kabla hati haijasainiwa, ubaki na nakala yenye mhuri. Baraza la Ardhi la Kijiji litawasuluhisha. Kati ya wajumbe wake 7, watatu ni wanawake kwa sheria. Likishindwa, nenda Baraza la Kata, nalo likishindwa kuwasuluhisha, panda hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

SWALI: Kijiji chetu kimekuwa mtaa wa Jiji la Dodoma. Naomba hati ya kimila wapi?

JIBU: Hiyo ni ya ardhi ya kijiji. Mtaani huanza mchoro wa mipango miji na upimaji, ndipo hati miliki. Ulizia ofisi ya ardhi ya jiji, na jina lako liingie tangu fomu ya kwanza. Kuliongeza baadaye ni gharama na foleni.