Stoo ya vifaa vya zamani vya nusukaputi: uanzie wapi?

Daktari, umesema idara yenu ya nusukaputi inaondoa stoo, kuna mashine kuukuu na madaftari ya upasuaji, nawe hujui uanzie wapi. Mimi ningeanza na wazee. Mashine itakungoja, lakini muuguzi mstaafu anayejua kwa nini valvu ile ilifungwa kwa plasta huenda asikungoje. Mkalishe mbele ya mashine, washa kinasa sauti, mwache akishike kifaa mwenyewe huku akieleza. Utasikia mambo ambayo hata usingejua kuyauliza.

Kisha karatasi. Toa pini zenye kutu taratibu, na andika lebo kwa penseli, maana wino huvuja. Madaftari yenye majina ya wagonjwa yafungiwe mpaka uongozi uamue nani ayasome. Vifaa usivisugue ving'ae. Kibandiko cha fundi na michubuko ni sehemu ya historia yake.

Tafadhali sana, ukikuta chupa ya zamani ya etha, kimiminika kilichotumika kuwalaza wagonjwa wakati wa upasuaji, usiifungue wala kuitikisa. Ikikaa miaka mingi huweza kutengeneza peroksaidi zinazolipuka. Waite wataalamu wa kemikali.

Ni etha hiyohiyo ambayo William Morton, daktari wa meno wa Marekani, alionyesha hadharani jinsi inavyomlaza mgonjwa wa upasuaji, huko Boston, tarehe 16 Oktoba 1846, na ukumbi alimoionyesha umehifadhiwa hadi leo. Marekani pia kuna makumbusho mazima ya fani hii, Wood Library-Museum, huko Schaumburg. Piga picha kibati chenye namba ya mashine yako, uilinganishe na mkusanyo wao kwenye intaneti.