Mtoto ananiogopa sababu ya katuni

SWALI: Asalaam aleikum shangazi. Mi niko Lamu, hapa Langoni, nimeolewa na mwanamume aliyefiwa na mkewe, na bintiye wa miaka minne nimemlea tangu hajasimama dede, mi ndo mama anayemjua. Juzi Ijumaa watoto walikuja na flashi wakaweka Snow White, ile katuni ya zamani ya 1937, mi niko jikoni nakaanga viazi karai nikasema si katuni tu, acha watulie. Binamu yake mkubwa ndo akawa anamtafsiria, akamwambia yule malkia mbaya anayempa Snow White tofaa la sumu ni mama wa kambo "kama mamako". Tangu hapo hataki taa izimwe, na jana nimemmenyea embe akaniuliza kama nimetia sumu. Nililia. Hivi hizi ni za watoto kweli?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Hilo la embe hata mimi limenichoma. Wa miaka minne mi ningemngojesha mpaka sita saba hivi, na nasema hivyo nikiwa naipenda hiyo katuni. Usitegemee alama za wakaguzi wa filamu peke yake, manake Uingereza mwaka 1938 waliipa A, mtoto haingii bila mtu mzima, na leo hiyohiyo ina U, yaani ruhusa kwa wote.

Mbilikimo saba na nyimbo zao hazina neno. Ya kutisha ni pale msichana anakimbia msituni, miti inamshika nguo kama mikono na macho yanang'aa gizani, na hiyo inakuja mapema sana, kisha malkia anakunywa dawa anageuka kizee mbele ya macho yako. Bibi akisimulia zimwi akaona mtoto amejikunyata huteremsha sauti ama hulikimbiza hilo zimwi, sasa tivii nani ataiambia ipunguze? Ndo ukae naye, rimoti mkononi, na uwe umeitazama mwenyewe kwanza, ni dakika 83 tu.

Lakini naona kilichomuumiza si miti, ni lile neno mama wa kambo. Hebu sikia, wale ndugu wawili Wajerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walipoichapa hadithi hii 1812, aliyemwonea wivu mtoto alikuwa mamake mzazi! Chapa ya 1819 ndo wakambadilisha akawa wa kambo. Kwa hiyo mmebebeshwa tu nyinyi, na hadithi zetu wenyewe pia zimewabebesha sana.

Mtoto usimweleze haya, hatayaelewa. Muulize yule malkia aliwahi kumwogesha Snow White, aliwahi kumsuka, alimlaza kifuani akiwa na homa? Mwache ajibu mwenyewe. Na embe mle pamoja, uanze kuuma wewe (ya kitabuni usimsimulie kabisa, kule kizee naye anauma upande wa tofaa usio na sumu ili amhadae mtoto). Taa muachie, wiki moja mbili haidhuru.

Huyo binamu usimchape. Muite, arudi kwa mdogo wake amwambie mwenyewe kuwa alikosea, kwa sababu maneno yake ndo yaliyoingia, na babake awepo akisikia.