Jibu: Usibonyeze "Ruhusu" kwenye hiyo programu ya mkopo

Usibonyeze. Kama bado uko kwenye ile skrini uliyotutumia picha yake, inayouliza kama unairuhusu programu ifikie anwani zako, bonyeza "Usiruhusu", toka, ndipo uendelee kusoma. Kama umeshabonyeza, shuka moja kwa moja hadi pale nilipoandika kwa ajili yako, kwa sababu unatakiwa kuwawahi hao wakopeshaji.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mdogo wetu huyu yuko mwaka wa pili chuoni, bumu (fedha ya mkopo wa wanafunzi) limechelewa, anadaiwa kodi ya geto na anahitaji shilingi 50,000. Ameona tangazo TikTok, na kwenye kundi la darasa kuna mtu ameweka kiungo cha kupakua. Anauliza kama programu ni salama, na kama simu zetu zinasikiliza maongezi ili zituletee matangazo. Mwisho akasema mambo ya faragha hayamtishi kwa sababu "sina cha kuficha".

Hilo neno la mwisho ndilo lililonifanya niandike, maana hata mimi nililisema siku niliyobonyeza Ruhusu.

Mdogo wangu, ruhusa hiyo haigusi vya kwako. "Anwani" kwenye simu ya Android iliyowekwa Kiswahili si mahali unapoishi. Ni orodha nzima ya watu uliowahifadhi: majina, namba, barua pepe, siku za kuzaliwa kama uliziandika, na maelezo yoyote uliyoongeza pembeni. Ukikubali mara moja, programu inaweza kuisoma yote na kuipeleka kwenye seva yake, yaani kompyuta ya kampuni iliyo mbali, kabla hujamaliza hata kujaza fomu. Haichagui kumi, haiachi wazee, haiombi kibali cha mtu hata mmoja kati yao.

Sasa fungua orodha yako uisome kwa macho ya mtu anayetaka kukutia adabu. "Mama". "Baba Mdogo Kibaha". "Mchungaji". "Mwl wa nidhamu". "Dada Neema Mpya". Umeona? Wewe mwenyewe umeshamwandikia nani ni nani. Hana haja ya kuchunguza ni namba ipi itakayokuuma zaidi ikipigiwa, kwa sababu umeiandika kwa herufi kubwa. Hapo ndipo ulipo utajiri wa hiyo orodha. Namba tupu hazina kazi kubwa. Uhusiano ndio bidhaa.

Na huyo "Dada Neema Mpya", neno "Mpya" lipo kwa sababu gani? Watu hubadilisha laini kwa sababu zao. Wengine wanamkimbia mwanaume aliyekuwa akiwapiga. Amekupa namba kwa kukuamini, wewe unaitoa kwa mgeni ili upate elfu hamsini. Kwa hiyo kusema "sina cha kuficha" hakusaidii kitu. Huenda kweli huna. Yeye anacho, na hajaulizwa.

Mambo haya hayakuanza na mikopo. Mnaosoma mawasiliano kwa umma mmekutana na sakata la Cambridge Analytica, kampuni iliyofanya kazi za kampeni hata Kenya kwenye chaguzi za 2013 na 2017. Kila mtu anakumbuka siasa zake, ila mlango ulioingiliwa wengi wameusahau. Ilikuwa programu ya maswali ya kupima tabia kwenye Facebook. Waliobonyeza kukubali walikuwa kama 270,000. Taarifa zilizochukuliwa, kwa hesabu ya Facebook wenyewe mwaka 2018, zilifika watu milioni 87, kwa sababu ruhusa ya mmoja ilifungua na marafiki zake. Gawanya: kila aliyebonyeza aliwatoa wenzake zaidi ya 300. Hesabu majina yaliyomo kwenye simu yako uone kama hamkaribiani.

Turudi kwa hilo tangazo. Staa anasema "mkopo dakika tano, hakuna mdhamini". Huo ndio uongo unaonichoma kuliko riba. Mdhamini yupo. Ni kila mtu aliye kwenye simu yako, na tofauti na mdhamini wa benki hakusaini kitu na hajui kiasi. Siku ya kurejesha ikipita kidogo, anaanza kutumiwa ujumbe kwamba umemweka yeye mdhamini, alipe au amtafute mwizi wake. Wengine huunda kundi la WhatsApp, wakaweka picha yako uliyojipiga ukiwa umeshika kitambulisho, na neno TAPELI juu yake. Aliyetangaza amelipwa na hayumo kwenye kundi hilo. Watu wanaokopesha uso wao kwa biashara ya namna hii waambiwe ukweli: wanauza mama za wafuasi wao. Itazame tena ile video. Anajaza namba ya simu, kisha papo hapo ujumbe wa pesa unaingia. Katikati pamekatwa. Palipokatwa ndipo palipo na skrini ya ruhusa.

Jiulize pia kwa nini umepewa kiungo badala ya kuambiwa uitafute Play Store. Tangu tarehe 31 Mei 2023, masharti ya Google yanazikataza programu za mikopo binafsi kugusa anwani na picha za mtumiaji. Mikopo inayotakiwa kulipwa yote ndani ya siku 60 nayo kwa kawaida hairuhusiwi pale. Anayetaka orodha yako na anayekopesha kwa siku saba anaona njia rahisi ni kukutumia faili la APK, yaani programu unayoipakia mwenyewe nje ya Play Store. Ndiyo maana maelekezo uliyobandika yanasema "washa ruhusu kutoka chanzo hiki", na simu ikitoa onyo "endelea hata hivyo". Mkopeshaji anayeanza kwa kukufundisha kuzima ulinzi wa simu yako ameshajitambulisha.

Kuna mtu wa IT anayesema hapo juu kwamba wanahitaji anwani ili wapate namba ya ndugu wa karibu. Si kweli, na mtu wa fani hiyo hapaswi kuandika hivyo. Namba moja unaweza kuiandika kwa kidole. Au programu inaweza kufungua kichaguzi cha simu, ukamgusa mtu mmoja, ikapokea huyo peke yake bila kupewa ruhusa ya orodha. Njia hiyo ipo kwenye Android miaka mingi. Kwenye iPhone kuanzia iOS 18 unaweza hata kuchagua majina machache ukaficha mengine. Anayedai yote ana kazi nayo yote.

Mwingine ameshauri "kubali, chukua hela, kisha futa programu". Huyu ndiye atakayekuponza. Ukifuta programu unaondoa kilicho kwenye simu yako. Nakala iliyokwenda kwenye seva haikufuati. Kuzima ruhusa baadaye ni hivyo hivyo: kunazuia kusomwa kwa majina utakayoongeza kesho, hakurudishi ya jana. Na usitegemee kitufe cha "Wakati huu pekee" ulichokizoea, kwa sababu Android inakitoa kwa mahali ulipo, maikrofoni na kamera. Kwa anwani ni ndiyo au hapana.

Pesa yenyewe nitaigusa kwa mfano mmoja tu. Unaomba 50,000, wanakata "ada ya huduma" 15,000, mkononi unapata 35,000, na baada ya siku saba unadaiwa 50,000. Hiyo ni karibu asilimia 43 kwa wiki. Ukiomba kuongezewa muda kwa ada ile ile mara tatu, umeshatoa 45,000 na bado 50,000 yao iko pale pale. Shilingi 95,000 kwa 35,000 uliyoipokea. Ni kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, ila sasa ina nembo na rangi nzuri.

Kama umeshabonyeza, fanya hivi, na ufuate mpangilio.

Usiifute kwanza. Fungua programu, piga picha ya kila skrini inayoonyesha jina la kampuni, kiasi ulichopokea, ada, tarehe ya kurejesha, na sera ya faragha kama ipo. Ukiifuta mapema, ushahidi wote unabaki kwao. Kisha Mipangilio, Programu, chagua jina lake, Ruhusa, uzime kila kitu, hasa Anwani na SMS. SMS ni hatari ya peke yake, kwa kuwa humo mna ujumbe wa miamala yako na namba za siri za mara moja zinazotumwa na benki. Hapo sasa ndiyo ufute.

Baada ya hapo, kabla hujalala, watangulie kwa watu wako. Anza na wale wenye majina ya uhusiano. Andika kwa lugha nyepesi: "Shikamoo Mama. Kuna programu ya mkopo imechukua namba za watu wote kwenye simu yangu. Wakikupigia au kukutumia ujumbe kunihusu, usilipe chochote, usiwajibu, nitumie picha ya ujumbe." Kinachowapa nguvu ni mshtuko wa mama anayesikia kwa mgeni. Akishasikia kwako, ujumbe wao unafika umepoa. Najua ni aibu. Aibu ya kusema mwenyewe ni ya dakika kumi.

Deni halali lilipe, ila si kwa namba binafsi anayokutumia mtu anayejiita ofisa makusanyo. Lipa kwa njia iliyoandikwa kwenye programu na utunze ujumbe wa muamala, la sivyo utaambiwa hujalipa.

Halafu lalamika kwa maandishi. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo kwa ajili ya malalamiko ya namna hii. Wengi hawajui kwamba mama yako naye anaweza kulalamika kwa jina lake, maana namba ni yake na hakukupa kibali cha kuigawa kwa mkopeshaji. Malalamiko ya mtu wa tatu ambaye hajakopa hata senti yana uzito mkubwa. Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Data alimtoza mkopeshaji mmoja wa kidijitali faini ya Sh 2,975,000 za huko kwa kosa la aina hii, kutumia majina na namba zilizotoka kwa watu wengine kutuma vitisho. Ujumbe wa kitapeli unaweza pia kuupeleka kwa SMS namba 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Na kama ulijaza namba ya NIDA, piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, urudie tena baada ya wiki chache.

Kwa wewe ambaye bado hujabonyeza, 50,000 itafutwe kwa njia isiyoweza kuona orodha yako. Ongea na mwenye nyumba, nenda kwa mshauri wa wanafunzi, chukua zamu yako ya upatu mapema. Ukilazimika kukopa kwa simu, kopa kwa menyu ya nyota na reli, kama Songesha au M-Pawa za Vodacom ndani ya *150*00#. Sisemi hazina gharama, zina gharama na uzisome. Ila menyu ya namna hiyo inajua laini yako na miamala yako tu. Haina njia ya kuingia ndani ya simu na kusoma majina, hata mwenye nayo akitaka. Huo ndio msimamo wangu na sitaubadilisha: hakuna mkopo wa kulipia kwa ruhusa ya Anwani, hata ungekuwa wa riba sifuri.

Programu yoyote nyingine ya mkopo utakayoletewa, jina la kampuni inayoimiliki litafute kwanza kwenye orodha ya wenye leseni kwenye tovuti ya BoT, Benki Kuu ya Tanzania. Novemba 2024 walitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Usitafute jina la programu pekee, maana hubadilishwa kila zikifungiwa. Tafuta la kampuni. Kama halimo kwenye sera ya faragha wala kwenye masharti, utafutaji umeishia hapo.

Kuhusu simu kusikiliza maongezi, Android 12 na kuendelea huwasha alama ya kijani juu ya skrini maikrofoni inapotumika, kwa hiyo itazame. Kwa matangazo ya mikopo hawahitaji kukusikia. Umetafuta "bumu linatoka lini" mara ngapi wiki hii?

Sasa nenda Mipangilio, Faragha, Kidhibiti cha ruhusa, Anwani. Utaona orodha ya kila programu iliyoruhusiwa hadi leo. Ukikuta mchezo, kibodi ya urembo au tochi humo, zima, kisha urudi hapa utuambie umekuta ngapi.