Ukipanga muziki wa Mei Mosi, anza na turubai

Kila mwaka, Machi ikishaingia, hupigiwa simu na mjumbe wa kamati ya sherehe: "Ami, safari hii tunataka muziki wa jukwaani, si wa kurekodi." Mimi ni mpiga fidla wa kidumbaki, muziki wa kucheza uliopewa jina la ngoma zake ndogo, na nimeshapiga kwenye sherehe nyingi za vyama vya wafanyakazi, hapa Unguja na hata Gombani kule Pemba. Suali langu huwa ni moja: turubai mmeshapata?

Mei Mosi kwetu huangukia masika. Ngozi ya kidumbaki ikiingia unyevu hulegea, na ngoma iliyolegea hailii, inakohoa. Dawa yake ni kuiotesha moto wa makuti makavu mpaka ikaze. Basi tutengeeni pahala nyuma ya jukwaa, mbali na jenereta, na mlinzi aambiwe mapema. Mwaka mmoja hakuambiwa. Aliuona moshi, akaja mbio na ndoo ya maji, akazimwagia ngoma pamoja na sisi. Tukapiga kwa fidla, sanduku (besi yetu ya uzi mmoja) na cherewa za kutikisa tu, na watu wakacheza hivyohivyo, lakini mimi najua kilichokosekana.

La pili, kila muziki una saa yake. Maandamano yachukulieni beni: tarumbeta na ngoma kubwa hazitaki umeme, na zinatembea. Uwanjani, watu wakiwa wamesimama na jua linachoma, hapo ni petu sisi wa kidumbaki. Taarabu ya kikundi kizima iwekeni usiku. Kanuni, ile ala bapa ya nyuzi inayodonolewa, ina nyuzi zaidi ya 70. Ipigwe na jua saa moja tu, mpigaji ataanza kuitia sauti upya huku mgeni rasmi anamtazama. Na vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanza 1905, havipewi wimbo mmoja wa kujazia pengo baina ya hotuba mbili. Wimbo wa taarabu una utangulizi wake, una viitikio, na una watu wanaotaka kuinuka taratibu kwenda kumtunza mwimbaji kwa pesa. Dakika kumi ni matusi.

Adhuhuri huadhiniwa saa sita ikipita kidogo. Hotuba zikichelewa (na zitachelewa), msitusukume jukwaani saa sita kasorobo.

Mkitaka wimbo wenu wenyewe, mwambieni mtunzi wiki tatu kabla na mpeni kisa. Visa vipo. Mgomo wa wachukuzi wa bandarini wa 1948, ulioenea mpaka ukausimamisha mji, unatosha beti nyingi. Karatasi yenye majina ya viongozi wote wa chama, iliyoletwa asubuhi ileile, haiimbiki.

Halafu malipo. Andikeni, mtie saini, na nusu itolewe kabla. Kuna chama kimoja kilituambia tusiwe na wasiwasi, watazamaji watatutunza. Tukapiga tangu asubuhi hadi alasiri, na nyuma yetu bango kubwa linadai ujira wa haki kwa kila mfanyakazi. Tulipokwenda kwa mweka hazina tukapewa soda moja moja na fulana za chama. Soda ilikuwa ya moto. Fulana ninayo mpaka leo, naivaa nikipaka chokaa.