Injini uliyoisuka upya, usiiue siku ya kuirudisha

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba injini ya Subaru yake imetoka kuchongwa, ameisuka mwenyewe hadi ikakamilika, na sasa iko kwenye stendi tayari kurudi garini. Swali lake ni fupi: "Kaka, nairudisha mwenyewe nyumbani au niwaachie gereji?" Nimemjibu airudishe mwenyewe. Na kwa kuwa wiki hii injini yangu mimi imewaka, ikatulia, haina mlio mbaya hata mmoja, acha nieleze kwa nini nimejibu hivyo.

Gari langu ni Impreza WRX yenye EJ20: silinda nne zilizolala, mbili kila upande, cc 1994, na turbo. Ovahoo ya kwanza, yaani kuisuka injini upya, sikuirudisha kwa mikono yangu. Niliwapa gereji nikawaamini. Beringi mpya, ringi mpya, krankishafti (shafti kuu ya injini) imechongwa na kupimwa, vyote nimevitolea jasho. Walipokaza boliti ya mwisho, mmoja akaingia ndani, akawasha papo hapo na kukanyaga mafuta ili tuisikie. Taa ya oili ikabaki inawaka. Nikauliza, nikaambiwa injini mpya lazima ilie kidogo, itazoea. Haikuzoea. Ilinoki, yaani ilianza kugonga kwa ndani, kabla hata oili ile ya kwanza haijafikia kumwagwa, na tulipofungua, beringi za konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krankishafti, zilikuwa zimelika hadi shaba inaonekana. Hakuna aliyeniomba radhi. Niliambiwa nimenunua beringi feki.

Siwachukii mafundi, wengi wamenifundisha. Lakini kidonda kile hakijafunga, na ndicho kilichonifanya nikope winchi, nikae na gari langu nyumbani na kuifanya kazi hii taratibu. Injini nyingi zilizosukwa vizuri huuawa na haraka ya saa ile ya mwisho, mtu anapotamani kusikia sauti.

Anza na kitu ambacho karibu kila mtu anakiruka. Kama injini yako ilinoki, vyuma vya beringi vilivyosagika vimesafiri na oili kila mahali. Injini hizi za turbo zina kipoza oili kidogo kati ya filta na bloku, na ndani mna vijinjia ambavyo huwezi kuvisafisha ukawa na hakika. Mimi nilikitupa nikaweka kipya. Paipu ya oili inayokwenda kwenye turbo nayo ni hivyohivyo. Ukiosha bloku halafu ukarudisha kipoza kile kile, umeipa injini mpya sumu ya injini ya zamani.

Kuning'iniza injini sina mengi ya kusema. Gari likae juu ya stendi imara, si juu ya jeki, na mtu yeyote asiingize mkono wala mguu chini ya injini inayoning'inia. Waya na mipira pia nairuka. Kama uliweka alama na kupiga picha ulipokuwa unashusha, utajua kila kimoja kinarudi wapi.

Pagumu ni kuikutanisha injini na giaboksi. Klachi pleti lazima iwe katikati kabisa kabla ya kukaza presha pleti, kwa kile kipande cha plastiki kinachokuja na klachi. Weka jeki chini ya giaboksi ili pua yake ilingane na injini, kisha sukuma kwa mkono huku mwenzako akizungusha krankishafti polepole hadi meno ya shafti yaingie. Nyuso mbili zikutane zenyewe. Zikibakiza nafasi, rudi nyuma uangalie tena. Usichukue boliti ndefu ukaivuta injini kwa kuzikaza na spana, maana hapo ndipo klachi pleti inapopinda na masikio ya giaboksi yanapopasuka. Na klachi ya gari langu ni ya kuvuta, si ya kusukuma, kwa hiyo shafti ya uma wa klachi hutolewa kabla ya kutenganisha na hurudishwa baada ya kukutanisha. Asiyejua hilo atahangaika kutwa nzima.

Sasa fika kwenye jambo lililoniulia injini ya kwanza. Usiwashe. Jaza oili, jaza na filta kiasi inavyokubali, kisha chomoa soketi ya sensa ya krankishafti. Bila sensa ile hakuna moto kwenye plagi wala mafuta kwenye nozeli, kwa hiyo stata itazungusha injini tupu na oili itapanda bila petroli kuosha kuta za silinda. Toa plagi ili beringi zisibebe mzigo. Zungusha kama sekunde 10, pumzisha stata, rudia. Taa ya oili huzimika kwenye presha ndogo sana, kwa hiyo usiishie kuiamini taa. Funga geji ya presha ya oili kwenye injini. Sindano ilipopanda na kushika ndipo nilipopumua.

Vijana tunapenda kurekodi video ya injini ikiwaka mara ya kwanza. Ndugu zangu, simu ikae mfukoni. Macho yawe kwenye geji na chini ya gari. Maji yajazwe kupitia tangi dogo lililo juu ya injini, kwa kuwa ndipo mahali pa juu kabisa, hita ikiwa wazi, hadi hewa iishe. Hewa iliyonaswa inachemsha silinda hedi wakati geji ya joto inakudanganya.

Ikishawaka, usiiache ikinguruma mahali pamoja kwa muda mrefu, wala usiitafute turbo siku hiyo. Iendeshe kwa mzigo wa wastani, ongeza mwendo taratibu, kisha achia mafuta gari lijiendee likiwa kwenye gia, ili ringi zikae kwenye kuta za silinda. Weka oili ya kawaida ya madini, sintetiki itasubiri.

Mimi nilimwaga oili ile ya kwanza baada ya mzunguko mfupi tu, na nitamwaga tena kwenye kilomita 500. Ukimwaga, kata filta uifungue uone karatasi yake kwenye mwanga. Sumaku peke yake haitoshi, kwa sababu inashika chuma cha ringi lakini haishiki madini ya beringi. Vumbi laini linalong'aa mara ya kwanza ni la kawaida. Ukiona vipande bapa vyenye rangi ya shaba au fedha, zima gari, na usiliwashe tena mpaka umeshusha sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuziangalia beringi kwa macho yako.