Orodha ya mifumo shirika ya kunakili data

Ndugu, umeuliza jinsi ya kuorodhesha, kwa mstari wa amri, mifumo ambayo hifadhi yako ya IBM Storwize iliyoko Kisumu inaweza kushirikiana nayo, na kwa nini ile ya Nakuru haionekani.

Amri yenyewe ni lspartnershipcandidate, nayo huonyesha kitambulisho na jina la kila mfumo unaoweza kuunganishwa. Hata hivyo, na hapa ndipo wengi hukwama kwa siku nzima, orodha hiyo hukusanya tu mifumo inayoonana kupitia Fibre Channel, yaani mtandao maalumu wa kasi wa vifaa vya hifadhi. Kwa hiyo ikiwa Nakuru na Kisumu zimeunganishwa kwa mtandao wa kawaida wa IP, orodha itabaki tupu ingawa hakuna kilichoharibika. Katika hali hiyo, tumia mkippartnership, amri ya kuunda ushirikiano kupitia IP, ukitaja anwani ya mfumo wa mbali, na uhakikishe milango ya TCP 3260 na 3265 imefunguliwa pande zote mbili.

Tafadhali rudia mkippartnership kule Nakuru pia, kwa sababu usipofanya hivyo lspartnership, amri inayoonyesha hali ya ushirikiano, itakuonyesha partially_configured_local, yaani ushirikiano umewekwa upande wako tu, na hakuna data itakayonakiliwa.